Tuifungue au Tuiache? Mjadala Kuhusu Ducati ya Silinda Moja

MHIFADHI: Niseme wazi kabla hatujaenda mbali: injini hii isifunguliwe. Tunazungumzia Ducati 350 Mark 3 Desmo ya mwaka 1969. Rangi yake ni ileile ya kiwandani, kiti ni kilekile, nyaya ni zilezile, na vichwa vya skrubu za injini havina mkwaruzo wa bisibisi wala spana. Hata hapa Bologna ilikotengenezwa, pikipiki ya hali hii ni ya kutafuta kwa tochi. Nyingi zilizobaki zimepigwa rangi upya, zimevalishwa spea za pikipiki nyingine, zimechongwa hapa na pale mpaka huwezi kujua zilitoka kiwandani zikiwaje. Kiwanda cha Borgo Panigale kiliacha kutengeneza hizi za silinda moja mwaka 1974. Tukiifungua hii, tumepunguza moja katika chache ambazo hazijaguswa, na hakuna fundi atakayeweza kuturudishia.

MWENDESHAJI: Mzee wangu, heshima yako iko palepale, lakini hii ni pikipiki. Marehemu baba aliinunua aende nayo kazini, na Jumapili apande nayo milimani. Hakuinunua aitazame. Na hata kiwanda hakikuwa na nia hiyo. Mwaka 1957 Leopoldo Tartarini na Giorgio Monetti walitoka Bologna na Ducati mbili za silinda moja, za ukubwa wa cc 175, wakazunguka dunia. Mabara matano, kilomita zipatazo 60,000, wakarudi mwaka uliofuata. Kabla ya hapo Fabio Taglioni, aliyeingia Ducati mwaka 1954, alibuni ile Gran Sport waliyoipa jina la Marianna kwa ajili ya mashindano ya Motogiro, yaliyokuwa yakikimbiwa siku kadhaa kwenye barabara za kawaida za Italia. Mwaka 1956 Giuliano Maoggi alishinda Motogiro yote juu ya Ducati ya 125. Pikipiki yangu ni ya ukoo huo. Leo uniambie niifungie kamba, niweke na kibao cha maelezo?

MHIFADHI: Binti yangu, hizo unazozitaja zilikuwa mpya, na nyuma yake kulikuwa na kiwanda. Kipande kikivunjika, kingine kilikuwa rafuni. Na usisahau Motogiro hiyohiyo ilikomea mwaka 1957, baada ya ajali ya mashindano ya magari ya Mille Miglia kule Guidizzolo iliyoua watazamaji, watoto wakiwemo, serikali ikapiga marufuku mashindano ya barabarani. Barabara haijawahi kuwa rafiki wa pikipiki hizi, hata zilipokuwa changa. Sasa chukua konrodi ya miaka zaidi ya hamsini. Ikikatika kwenye mwendo, haibaki ndani. Inatoboa kasha la injini na kutokeza nje, na kwenye kasha hilo ndipo ilipopigwa namba ya injini. Utapata kasha jingine kwenye soko la vipuri la Imola au Novegro, sikatai. Litakuwa na namba ya pikipiki nyingine, ya mtu mwingine.

MWENDESHAJI: Na ndiyo sababu nimemwita fundi. Sijasema niipande kesho asubuhi.

FUNDI: Mnagombania kitu ambacho hakuna kati yenu aliyekiona. Ngojeni niwaeleze kilichomo.

Injini hii haina chujio la oili kama la pikipiki za leo. Ina wavu wa waya, basi. Wavu unazuia vipande vikubwa, lakini uchafu mwembamba unapita na oili mpaka kwenye krenki. Waliobuni walilijua hilo, ndiyo maana ndani ya krenki waliacha kishimo, wakakiziba kwa kizibo cha nyuzi kilichogongwa pembeni kisilegee. Krenki ikizunguka kwa kasi, uchafu mzito unarushwa pembeni na kunasa mle kishimoni, oili iliyobaki inaendelea kwenye beringi ya konrodi. Ni akili kubwa, ila ina sharti lake: kishimo lazima kisafishwe, na hukifikii mpaka uishushe injini kutoka kwenye fremu, utoe hedi, utoe silinda, kisha uyatenganishe makasha mawili. Kazi ya namna hiyo watu wengi waliikwepa. Pikipiki iliuzwa, ikauzwa tena, kila mwenye nayo akiamini mwenzake aliyetangulia alisafisha.

Nimevifungua vishimo hivyo. Unakuta tope jeusi lililoshindiliwa, gumu kama nta ya zamani, unalitoa kidogo kidogo kwa ncha ya waya. Lipake kwenye karatasi nyeupe, ulipeleke penye mwanga: utaona vimeta. Ni kromu. Nyuso za roka zinazosuguana na kamshafti zilipakwa kromu ngumu, na kromu hiyo ikianza kubanduka, magamba yake husafiri na oili yote. Basi kishimo kikijaa, njia ya oili nayo inaziba, beringi inabaki kavu. Na injini haitakuonya. Itawaka kwa kiki ya kwanza, itasikika vizuri, utafurahi. Halafu uko kwenye kona za mlimani za Futa, unaelekea Firenze, gia ya tatu, umeifungua vizuri, na hapo ndipo inaposhika.

MWENDESHAJI: Mzee, umesikia? Hiyo ndiyo sababu ya kuifungua.

MHIFADHI: Nimesikia, na kwangu hiyo ndiyo sababu ya kutoiwasha. Kishimo kilichojaa hakimdhuru mtu kwenye injini iliyolala. Tena fundi amenisaidia. Ametuambia kwamba tope lile lina kumbukumbu: linaonyesha roka zilianza kuchakaa au la, kama oili ilibadilishwa kwa wakati, pikipiki iliendeshwaje. Ukilikwangua na kulifuta kwa kitambaa, umefuta habari ambayo haipo kwenye kitabu chochote.

MWENDESHAJI: Habari ambayo hakuna atakayeisoma isipofunguliwa! Mzee wangu, hebu tuelewane. Ushahidi uliofungiwa ndani ya chuma milele unamfaa nani?

MHIFADHI: Unamfaa atakayekuja na vyombo bora kuliko vyetu. Sisi si watu wa mwisho kuipenda pikipiki hii.

MWENDESHAJI: Na mpaka huyo aje, chuma kitamsubiri? Umeiona pikipiki iliyoachwa banda la uani miaka ishirini? Mwambie, fundi.

FUNDI: Hapo dada hakukosea. Petroli inayobaki kwenye kabureta hukauka ikaacha gundi, na matundu ya kabureta ya Dellorto ni madogo, hayana simile. Tenki linaota kutu kuanzia juu, pale petroli isipofika. Unyevu unaingia kwa bomba la moshi, kwa sababu valvu mojawapo huenda imebaki wazi, na ringi zinashikana na silinda. Sili za mpira zinakakamaa. Betri inavuja tindikali juu ya rangi hiyohiyo mzee anayoilinda. Injini ya kusimama haisimami, inaoza taratibu.

Lakini nisimwonee mzee. Kuna kulaza injini kwa ujinga na kulaza kwa elimu. Unamwaga petroli yote, unatoa betri, unatia oili kidogo kwenye silinda kupitia tundu la plagi, unaiweka mahali pakavu, na kila baada ya muda unaizungusha polepole kwa mguu bila kuiwasha. Pikipiki iliyolazwa hivyo inakaa. Hilo ni kweli na lazima lisemwe.

MHIFADHI: Nakushukuru, fundi.

FUNDI: Usinishukuru bado. Nani atafanya kazi hiyo ukishaondoka wewe? Kukumbuka kitu kisichokupa chochote ni kazi ngumu. Pikipiki inayoendeshwa inakumbukwa kwa sababu mwenyewe anaitaka Jumapili.

MHIFADHI: Tuseme inaendeshwa. Itaendeshwa ikiwa ileile? Hapa ndipo hofu yangu ilipo hasa. Binti yangu, tueleze ulichomwagiza fundi zaidi ya kusafisha kishimo.

MWENDESHAJI: Sifichi. Nataka umeme wa volti 12 badala ya 6, kwa sababu taa yake ya mbele usiku ni kama haipo, na dereva wa lori hanioni mpaka ameshanifikia. Nataka moto wa kielektroniki badala ya pointi. Pointi zinalika, nafasi yake inabadilika, moto unachelewa au unawahi, na ukiwahi wakati unapiga kiki, mguu wako wa kushoto utaijua injini hii. Maana kiki iko kushoto, na gia ziko kulia. Nimezoea, hilo sitaligusa. Ninayotaka ni mambo mawili ya kunifikisha nyumbani.

MHIFADHI: Leo mawili. Kesho kabureta ya kisasa, kwa sababu ile inadondosha petroli. Keshokutwa breki ya diski. Nimeziona pikipiki zilizofika mwisho wa njia hiyo: tenki la Ducati, jina la Ducati, na chini yake mchanganyiko usio na mwaka wala mji. Mwenyewe bado anajisifu ana Desmo ya 1969.

MWENDESHAJI: Mimi si hao, mzee. Usinihukumu kwa makosa ya wengine.

FUNDI: Moto wa kielektroniki unaingia pale pointi zilipokaa. Hakuna kinachokatwa, hakuna kinachotobolewa. Pointi zinafungwa kwenye mfuko zinawekwa kabatini, na siku yoyote zinarudi. Breki ya diski ni suala jingine. Hapo lazima uguse uma wa mbele na rimu, na mimi siifanyi kazi hiyo kwenye pikipiki ya hali hii, hata kwa pesa.

MHIFADHI: Angalau hapo tuko pamoja. Hati ya Turin, ile iliyopitishwa na FIVA, shirikisho la kimataifa la vyombo vya usafiri vya kale, mwaka 2012, inadai hivyo: uguse kidogo iwezekanavyo, ulichobadilisha kiweze kurudishwa, na kila hatua iandikwe.

MWENDESHAJI: Na hati hiyohiyo inasema pia kwamba chombo cha kale kikitumika kama kilivyokusudiwa, watu wanaielewa teknolojia yake na kuirithishana. Usinisomee nusu, mzee.

MHIFADHI: Sijaificha nusu ya pili. Nasema haikupi ruhusa ya kuharibu nusu ya kwanza.

MWANAFUNZI WA UFUNDI: Samahani wakubwa zangu, naomba niseme. Mimi sina pikipiki hii na kwa bei zake za sasa sitakuwa nayo. Nimekuja kwa fundi kujifunza. Tatizo langu ni moja: kila injini ya aina hii inayoingia karakana, mwenye nayo anasema isiguswe na mwanafunzi, au haifunguliwi kabisa. Vitabu nimesoma. Michoro nimeiona. Sasa nitajifunzia wapi?

MHIFADHI: Swali zuri, mwanangu. Kuna injini zilizokwisha kuharibika, zisizo na rangi ya kulinda wala namba inayolingana na hati. Jifunzie hizo. Kuna za Mototrans wa Barcelona, waliotengeneza Ducati hizi kwa leseni. Kuna Scrambler nyingi, zilizouzwa kuanzia 1962, kwanza kwa soko la Marekani kisha kwa vijana wa hapa. Huhitaji kujifunzia iliyo kamili.

FUNDI: Mzee, hapo sikubali, na nitakuambia kwa nini. Pembeni mwa silinda kuna shafti iliyosimama ndani ya bomba. Chini ina jozi ya gia zilizokatwa mshazari, juu ina jozi nyingine, na hizo ndizo zinazozungusha kamshafti. Zikibanana, zinalia na kulika. Zikiachana, zinagonga. Kuziweka sawa unapanga pete nyembamba za chuma nyuma ya kila gia, tofauti za sehemu ya kumi ya milimita, au pungufu ya hapo. Unafunga, unazungusha kwa mkono, unafungua, unabadilisha pete, unafunga tena. Juu kuna Desmo yenyewe. Katika injini za kawaida roka inaifungua valvu na springi inaifunga. Hapa roka moja inafungua na nyingine inafunga, na kila valvu ina nafasi mbili za kupimwa. Mark 3 Desmo ya 1968 ndiyo pikipiki ya kwanza ya mfumo huu kuuzwa kwa mtu wa kawaida wa barabarani.

Sasa sikiliza. Katika injini iliyokwisha kuharibika, mwanafunzi anajifunza uharibifu. Meno yameshalika, pete zilishapangwa vibaya na mtu mwingine. Hajui injini iliyopangwa na kiwanda inaleta ukinzani gani kidoleni inapozungushwa. Kipimo kimeandikwa kitabuni, lakini ukinzani ule hauandikiki. Mimi niliupata kwa aliyenifundisha, aliyeniwekea mkono wake juu ya wangu. Hii injini ya dada, kama kweli haijaguswa, huenda ni mara ya mwisho kijana huyu kushika iliyopangwa na watu wa Borgo Panigale wenyewe.

MHIFADHI: Fundi, umetoa hoja nzito kuliko zote za leo, na inaniumiza kwa sababu inageukia upande wangu. Ukishaifungua umfundishe, hatakuwepo wa pili wa kufundishwa hivyo. Umetumia akiba kwa mtu mmoja.

FUNDI: Kwa mtu mmoja aliye hai. Akiba isiyotumika kwa yeyote ni ya nani?

MWANAFUNZI WA UFUNDI: Tunaweza kupima kila kitu tunapofungua. Unene wa kila pete, nafasi ya kila valvu, na ukinzani wenyewe upo chombo cha kuupima. Siku hizi hata kipande chote kinaweza kuchukuliwa vipimo kwa kompyuta na kuchongwa kingine.

MHIFADHI: Kuchongwa kingine ndiko kunakonitia wasiwasi. Nakala imekuwa rahisi mno. Tenki la bati linapigwa upya, nembo inatolewa upya, na mnunuzi analipa bei ya kitu cha asili. Mnaona faida ya kuwa na angalau moja ya kulinganishia?

MWENDESHAJI: Iko Ducati nyingine ya kulinganishia, mzee. Makumbusho ya kiwanda yamefunguliwa tangu 1998, nenda ukalinganishe huko. Mimi nina moja, ya baba. Na nikuulize jambo ambalo limenikaa moyoni tangu tulipoanza. Ungekutana na baba yangu, akiwa hai, ameshika spana, anataka kuisafisha pikipiki yake, ungemzuia?

MHIFADHI: Nisingemzuia. Ilikuwa pikipiki ya kazi, na zilikuwepo nyingine nyingi barabarani. Uchache ndio umebadilisha haki zetu juu yake, binti yangu. Unayo kwa urithi, na sheria iko upande wako, lakini walio nje ya nyumba yako nao wameanza kuwa na fungu ndani yake. Najua inakera kuambiwa hivyo.

MWENDESHAJI: Inakera, ndiyo. Hao wenye fungu hawalipi bima wala spea. Hawakai na harufu ya petroli ukumbini wakati wa baridi. Na petroli yenyewe ya leo, yenye ethanoli, haikuwepo 1969. Ile Desmo ya rangi ya fedha ya 1971 yenye tenki la faibaglasi, watu wameona tenki likilainika na kuvimba. Langu ni la chuma, nashukuru. Lakini kila mwaka dunia inailetea jambo jipya, na anayepambana nalo ni mimi.

FUNDI: Basi tufike mahali, maana mwenye spana ni mimi na kesho nina kazi. Nikiifungua, nitapiga picha kila hatua kabla ya kugusa. Kila pete itarudi mahali pake na unene wake ukiwa umeandikwa. Tope la kishimo sitalifuta, nitalitia kwenye chupa na kumpa mzee. Moto wa kielektroniki utaingia, pointi zitafungwa mfukoni. Rangi haiguswi, hata pale ilipochunika. Hayo naona hayana ugomvi. Ugomvi uko hapa: nikikuta pini ya konrodi imekwaruzika, nifanye nini? Maana hapo krenki inatenganishwa kwa mashine ya kukandamiza, pini mpya na konrodi mpya zinaingia, na konrodi zinazochongwa sasa ni za chuma bora kuliko kile cha zamani. Hiyo hairudishiki kwa kufungua mfuko.

MHIFADHI: Hapo unafunga. Unarudisha kila kitu kama ulivyokikuta, na pikipiki inalala. Injini yenye konrodi ya leo ni ya leo, hata ukihifadhi ile ya zamani kabatini. Atakayeipima miaka hamsini ijayo ataamini Bologna walikuwa na chuma hicho mwaka 1969.

MWENDESHAJI: Hapo unaweka mpya. Na kwenye daftari la pikipiki unaandika tarehe, kipande, na aliyekichonga. Atakayeipima akitaka kujua ukweli atasoma.

MHIFADHI: Daftari hupotea.

MWENDESHAJI: Na injini hukauka, mzee wangu. Vyote viwili vinahitaji mtu wa kuvilinda. Mimi nipo.

MWANAFUNZI WA UFUNDI: Na namba ya kipande inaweza kuchongwa juu ya konrodi yenyewe, mwaka wake ukionekana. Hapo hata daftari likipotea, atakayefungua hatadanganyika.

MHIFADHI: Hilo... hilo ni wazo. Haliondoi pingamizi langu, lakini liandikwe. Fundi, nina ombi moja tu. Ukishayatenganisha makasha na kukiona kizibo cha kishimo, ukakuta alama za kugongwa kwake kiwandani hazijawahi kuguswa, utanipigia simu kabla hujakifungua?

FUNDI: Nitakupigia.

MWENDESHAJI: Apige, na wewe uje uione kwa macho yako. Lakini kizibo kitafunguliwa siku hiyohiyo.